Vitu vya kale kwenye barabara za Niania



Kuna swali linalorudi katika barua za marafiki wetu walioko Ulaya: mbali na mambo ya mabashi, mbegu na visima, kwenu kuna nini cha kale cha kuangalia? Si swali baya. Mtu wa Ufaransa akitoka mjini kwa gari, kila kijiji kina kanisa la mawe la miaka mia nane, daraja la zamani, ukuta wa ngome. Anatembea na kuona. Akija kwetu anaona barabara ya udongo mwekundu, miti, tena miti, kisha nyumba za potopoto zilizojengwa mwaka jana kwa sababu zile za mbele zilichomwa. Na sisi wenyewe tukiulizwa, wengi tunajibu: "Hakuna kitu, ni pori tu." Jibu hilo ndilo limenifanya niandike makala haya, juu ya ninaona si kweli, na tena linatugharimu.

Tuanze na Ufaransa yenyewe, kwa sababu watu wanafikiri kule vitu vya kale vilijilinda vyenyewe. Mwaka 1834 serikali yao ilimpa mwandishi Prosper Mérimée kazi ya kuwa mkaguzi wa majengo ya kihistoria. Alizunguka mikoani miaka na miaka kwa magari ya farasi, akiandika ripoti. Alikuta nini? Nchi iliyotoka kwenye mapinduzi na vita. Makanisa yaligeuzwa kuwa maghala. Kanisa la watawa wa Cluny, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa kubwa kuliko makanisa yote ya Ulaya, liliuzwa na watu wakawa wanabomoa na kuchukua mawe yake kama mtu anayechimba mchanga mtoni. Kule Vézelay paa na kuta vilikuwa karibu kuanguka. Mwaka 1840 kazi ya kuokoa kanisa hilo alipewa Viollet-le-Duc, kijana wa miaka 26. Na mwaka 1841, katika jumba la zamani la Boussac, Mérimée aliona vitambaa vikubwa sita vya ukutani, vilivyofumwa karibu mwaka 1500, vikiwa na picha za mwanamke na mnyama wa pembe moja. Unyevu na panya vilikuwa vinavila. Akaambiwa kwamba vilikuwepo vingine vizuri, ila vilikatwa vipande kufunika mikokoteni.

Someni tena hapo: kufunika mikokoteni. Yaani vilitumika kama bashi. Leo vile sita vilivyobaki viko Paris katika jumba la makumbusho la Cluny, na watu wanatoka dunia nzima kwenda kuvitazama.

Kwa hiyo tusiogope kusema kwamba kwetu vingi vimeharibika. Tuangalie vilivyopo, na vilivyotoka hapa.

Niania ni njia panda. Anayetoka Kisangani kwa barabara ya taifa namba 4 anapita Bafwasende, anafika kwetu, na hapo anachagua: kwenda mashariki, Epulu, Mambasa, mpaka Bunia, ao kupanda kaskazini kuelekea Wamba na Isiro. Kila moja ya njia hizi tatu ina historia yake. Kazi yangu ya shamba imenipitisha zote, mara nyingi nyuma ya pikipiki, na nimejifunza kuuliza wazee maswali ambayo hayako kwenye fomu.

Kwanza njia ya magharibi. Kusini mwa barabara ya Bafwasende, kando ya mto Ituri, kuna Avakubi. Leo ni pahali padogo, lakini miaka mia moja na zaidi iliyopita ilikuwa ni kituo kikubwa kuliko Niania. Kabla ya Wabelgiji, watu wa biashara ya pembe za ndovu walikuwa tayari wamejenga vituo vyao kwenye mto huu. Stanley alipopita mwaka 1887, akienda kumtafuta Emin Pasha, alikuta kituo cha Ugarrowwa, akaacha kwake wagonjwa wake. Mbele zaidi, Ipoto, akakuta watu wa Kilonga-Longa. Hao walikuwa Waswahili na Wamanyema. Waliacha vijiji vingi vikiwa majivu, hilo tusilifiche. Lakini waliacha pia lugha hii ninayoiandikia, mchele, miembe, na neno baraza.

Hapa nitakaa kidogo. Hata Wabelgiji walilichukua neno hilo, na Kifaransa cha Kongo kinasema "barza" mpaka leo. Kwetu ni vitu viwili: ubao wa mbele wa nyumba ambapo mgeni anakaa, na kile kibanda kisicho na kuta, katikati ya kijiji, ambapo wanaume wanasuka kamba, wanakata kesi na kungoja chakula. Jamii zetu za pori zilikuwa na vibanda vya namna hiyo mbele ya Waswahili kufika. Neno ni geni, kitu ni cha kwetu. Sikatai kwamba si jengo la kushangaza macho. Nguzo sita ao nane, paa la majani ya mangongo, magogo ya kukalia yaliyolainishwa na miaka ya watu kukaa. Lakini ndilo jengo la kwanza la umma katika nchi yetu, kama vile soko ama kanisa katika kijiji cha Ulaya. Wakati familia zilipoanza kurudi katika kijiji kimoja cha mashariki ya Niania, niliuliza kwa nini wanajenga kibanda hicho wakati watoto bado wanalala chini ya bashi. Mzee mmoja akanijibu: "Nyumba inaweza kungoja, mtoto wangu. Lakini batu batakaa wapi kwa kusema mambo?" Katika mipango ya makao niliyoiona, hakuna hata moja iliyokuwa na mstari wa bajeti wa baraza.

Tena kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Vijiji vyetu vilivyonyooka kando ya barabara, nyumba kushoto na kuume, si vya tangu mababu. Utawala wa Wabelgiji uliwatoa watu ndani ya pori na kuwapanga kando ya njia, ili walipe kodi, walime pamba na mpunga, na watengeneze barabara yenyewe. Mababu wa Wandaka, Wabila, Wabudu, wote walihamishwa. Makaburi na miti ya matunda ya vijiji vya zamani bado viko ndani, na wawindaji wanavijua. Basi mtu anaposema "tumerudi nyumbani", anarudi mahali ambapo babu yake aliletwa kwa nguvu. Mimi sioni kama hilo linapunguza haki yake. Linaonyesha tu kwamba watu wetu wamekwisha kuanza upya zaidi ya mara moja, na kila mara walijenga kwa ujuzi waliobeba kichwani, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa watoto na vyungu.

Ni Avakubi hiyohiyo walikopita Herbert Lang na James Chapin. Hao walitumwa na jumba la makumbusho ya viumbe la New York, na walikaa Kongo tangu 1909 mpaka 1915. Walikuja kutafuta okapi na faru mweupe. Walitoka Kisangani, wakati ule Stanleyville, wakavuka pori na wapagazi, wakafika Avakubi, kisha Medje, Niangara, mpaka Faradje. Lang alikuwa na kamera, na alipiga picha karibu elfu kumi. Vitu alivyokusanya vya mikono ya watu, vinubi, visu, vyungu, kofia, viti, vilipita elfu tatu. Vyote vilibebwa na mabega ya watu wa huku. Majina ya wapagazi, isipokuwa wachache, hayako kwenye vibandiko vya makumbusho.

Kuna kisa kimoja cha Chapin ninachokipenda. Mwaka 1913, Avakubi, aliona unyoya katika kofia ya mtu. Yeye alikuwa mtaalamu wa ndege, na unyoya ule haukufanana na ndege yeyote aliyemjua. Akauweka. Miaka zaidi ya 20 baadaye, mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren karibu na Brussels, akakuta juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, walioandikwa vibaya kama tausi wa kigeni wa kufugwa. Manyoya yalikuwa yaleyale. Ndivyo sayansi ilivyopata tausi wa Kongo. Okapi pia alijulikana kwa njia ya namna hiyo: Harry Johnston, kabla ya mnyama huyo kupewa jina lake la kisayansi mwaka 1901, alipeleka London mikanda miwili iliyokatwa kwenye ngozi yake, mikanda ya kuvaa. Wanyama wawili wakubwa, wote wawili walikuwa tayari kwenye mavazi ya watu wa Ituri. Fundi wa kofia alikuwa anajua ndege huyo anapolala.

Sasa njia ya kaskazini. Ukipita kwa Wabudu, upande wa Wamba na Ibambi, utaona kazi ya misheni: matofali ya kuchoma, madirisha ya upinde, mistari ya miembe. Ibambi ndiko alikozikwa Charles Studd, Mwingereza aliyekuwa mchezaji wa kriketi akawa mhubiri, aliyekufa mwaka 1931. Bafwabaka ni nyumba ya watawa wa Jamaa Takatifu, ambako alitoka sista Anuarite Nengapeta, mtoto wa Wamba, aliyeuawa Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri Kinshasa mwaka 1985. Nyumba aliyouawa, ile nyumba ya buluu, watu wanakwenda kuisali. Kama mfadhili wa Ufaransa anataka kuelewa jengo la kihistoria kwetu linafanana na nini, ningemwonyesha hiyo: nyumba ya kawaida ya mjini, haina nguzo za marumaru, na hakuna mtu wa Isiro asiyejua kilichotokea ndani.

Isiro yenyewe ni mji wa reli. Iliitwa Paulis. Reli nyembamba ya Vicicongo, yenye upana wa milimita 600 tu, ilitoka Aketi ikafika Mungbere mwaka 1937, ikibeba pamba na kahawa. Leo nyasi zimefunika vyuma. Nitapita hapo haraka, maana wengi wenu mnajua mji huu kuliko mimi, na tena kinachonivuta kiko mbele.

Mbele ni nchi ya Wamangbetu. Mwaka 1870 Mjerumani mmoja mtaalamu wa mimea, Georg Schweinfurth, alifika kwenye ikulu ya mfalme Mbunza. Alikuwa amepita nchi nyingi, hakuwa mtu wa kushangaa haraka. Alikuta ukumbi wa mikutano wenye urefu wa zaidi ya mita 30, paa la upinde lililobebwa na safu za nguzo, limefumwa kwa fito za mbale za mawese kwa ustadi hata akaandika kwamba ungestahimili dhoruba. Hakuna msumari. Mfalme alikuwa amekaa mbele ya silaha za shaba zilizopangwa zikang'aa kama taa. Baada ya miaka michache Mbunza aliuawa na ufalme wake ukavunjika, na ukumbi wa majani haungoji mtu: mvua za miaka michache zinatosha. Kilichobaki ni maelezo na michoro ya mgeni.

Lakini mafundi hawakufa na mfalme. Karibu miaka 40 baadaye, Lang alifika kwa chifu Okondo, karibu na Niangara, akakuta ukumbi mwingine mkubwa wa namna ileile, akaupiga picha pamoja na Okondo akicheza mbele ya wake zake. Hiyo inaniambia jambo kubwa juu ya ujenzi wetu. Ulaya jengo linaishi kwa sababu jiwe linaishi. Kwetu jengo linaoza na kuzaliwa tena, na kinachoishi ni mikono inayojua. Ukiondoa watu wa kijiji kwa miaka 10, ukawatawanya kwenye kambi na kwenye machimbo ya dhahabu, umefanya kile ambacho bomu linafanya kwa kanisa la mawe.

Tuna deni pia la kusema ukweli juu ya sanaa hiyo ya Wamangbetu. Vile vyungu na vinubi vyenye kichwa cha mwanamke wa paji refu, ambavyo leo vinauzwa bei ya nyumba Paris na Brussels, vingi vilitengenezwa miaka ya kwanza ya karne ya 20, wakati Wazungu walipoanza kuviomba. Wataalamu Enid Schildkrout na Curtis Keim walilionyesha hilo vizuri katika maonyesho yao ya New York ya mwaka 1990. Wengine wakisikia hivyo wanasema basi si sanaa ya kweli. Mimi sikubali. Fundi aliona soko, akabuni umbo jipya, akalitengeneza vizuri hata leo hatujachoka kulitazama. Wachongaji wa makanisa ya Ufaransa nao walilipwa.

Ufaransa yenyewe ilikuja mpaka huku. Mwaka 1924 kampuni ya Citroën ilituma magari 8 yenye mikanda ya mpira badala ya matairi ya nyuma, kuvuka Afrika toka Algeria mpaka Madagaska. Safari hiyo, waliyoiita ya weusi, iliongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, na ilikwisha mwaka 1925. Walikuwa na mchoraji, Alexandre Iacovleff, na mpiga filamu, Léon Poirier. Kwa Wamangbetu walifika kwa chifu Ekibondo, ambaye kijiji chake kilijulikana kwa kuta zake: nyumba zilizopakwa udongo mweupe, mwekundu na mweusi, pembe tatu juu ya pembe tatu, mistari, watu, wanyama. Nobosodru, mke wa Ekibondo, alipigwa picha ya upande, na uso wake ukawa alama ya safari nzima. Ukachapwa, ukachongwa, ukawekwa hata kama pambo mbele ya magari. Mwaka 1926 vitu na michoro ya safari vilionyeshwa Paris, ndani ya jengo la Louvre. Yeye hakuondoka kwake. Kuta za Ekibondo zikawa kadi za posta. Mpiga picha Casimir Zagourski alizitia katika mkusanyo wake wa picha za Afrika aliyosema inapotea.

Jirani zetu wa upande wa Bafwasende, Wabali, hawakupata hata heshima hiyo. Wao walijulikana Ulaya kwa sanamu moja ya mwaka 1913, ya mchongaji Mbelgiji Paul Wissaert, inayoonyesha mtu-chui wa Anioto akimwinamia mtu aliyelala ili amuue. Iliwekwa Tervuren, ikaingia hata katika kitabu cha picha cha Tintin. Watoto wa Ubelgiji wakajifunza kwamba hivyo ndivyo watu wa pori letu walivyo. Mwaka 2002 mchoraji wetu Chéri Samba wa Kinshasa aliipaka katika mchoro: Wakongo wanaivuta kwa kamba itoke nje, wazungu wanaishikilia ibaki. Jumba lilipofunguliwa upya mwezi wa 12 mwaka 2018, sanamu ilikuwa imeteremshwa katika chumba cha chini, pamoja na nyingine za namna yake.

Imebaki njia ya mashariki, ya Epulu. Hapa sanaa si ya wafalme. Ni ya Wambuti, ambao wengi wetu, tuseme tu, tunawaita wakati tunataka nyama ao mtu wa kubeba mzigo.

Mwanamume anachuna gome la ndani la mti wa jamii ya mkuyu, analilowesha, analipiga kwa nyundo ya mti ao ya pembe ya ndovu mpaka linatanuka na kuwa laini kama kitambaa. Kisha mwanamke analichukua. Rangi nyeusi inatoka kwenye maji ya tunda la porini yaliyochanganywa na makaa. Nyekundu inatoka kwenye mti wa nkula. Anachora kwa kidole ao kijiti. Haanzi na mpaka wa nguo, hapimi. Mistari inakwenda, inakutana, inakatika bila sababu ambayo wewe ungeipata, inaacha nafasi tupu, inaanza tena kwa namna nyingine, sawa na mtu anayetembea porini bila njia. Kwa muda mrefu Wazungu waliotazama waliona makwaruzo. Leo nguo hizo zinatundikwa kama michoro ya wachoraji wakubwa, na kuna vitabu vizima vinavyozieleza, kama kile cha Georges Meurant na Robert Farris Thompson cha mwaka 1995. Anne Eisner, mchoraji wa Marekani aliyeishi Epulu na Patrick Putnam katika miaka ya 1940 na 1950, aliwatazama wanawake hao kwa miaka, na kazi yake mwenyewe ikabadilika.

Niliwahi kumwuliza mama mmoja, katika kambi si mbali na barabara, mistari yake ina maana gani. Alicheka, akawatazama wenziwe. "Hii? Ni pori." Neno lilelile letu la "ni pori tu", lakini yeye hakusema "tu".

Mwanamke wa Kimbuti ndiye pia mjenzi. Fito zinachomekwa ardhini kwa duara, zinakunjwa na kufungwa, majani ya mangongo yanachanwa kidogo kwenye kikonyo na kuning'inizwa moja juu ya lingine toka chini kwenda juu, kama vigae. Mvua haiingii. Saa chache, nyumba imekwisha. Tumeona familia za wakimbizi wa vita, Wandaka, Wabudu, Wanande, zikilala wiki nzima chini ya vibanda vya namna hiyo porini, zilivyojengewa na Wambuti, mbele ya shirika lolote kufika na bashi. Hilo lilitokea wakati wa vita vya 2002 na 2003 vya upande wa Mambasa, na limetokea tena mara nyingi.

Epulu inaonyesha vizuri jinsi vitu vinavyotetewa na vinavyosahauliwa. Hifadhi ya Okapi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na bado imo. Mwezi wa 6 mwaka 2012 Mai-Mai Simba walishambulia kituo, wakaua watu, na okapi 14 waliokuwa wanatunzwa pale. Habari za okapi zilifika kila pahali. Nguo za magome, vinubi, ngoma za ukoo na vyungu vilivyoungua katika nyumba za vijiji vya barabarani, mwaka ule na miaka iliyofuata, hakuna aliyeandika orodha yake. Mlima Hoyo, upande wa Irumu, una pango la Matupi ambamo mawe yaliyochongwa na watu yanafika karibu miaka 40,000. Leo ni nani anayethubutu kwenda kutazama?

Sasa nafika kwenye kinachonikera. Tangu familia zianze kurudi, kuna wachuuzi wanaopita kwa pikipiki vijijini. Hawanunui kakao. Wanauliza vitu vya babu: kiti, kisu cha chifu, pembe ya kupiga, nguo ya gome, chungu chenye uso. Mtu aliyerudi hana sabuni, hana chumvi, watoto wamefukuzwa shule kwa ajili ya pesa ya walimu. Anauza. Bei niliyoisikia ilikuwa ya sahani mbili za chumvi na kilo ya sukari. Simlaumu hata kidogo. Lakini ajue kwamba sheria ya tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 1971 ya nchi yetu inalinda mali ya utamaduni, na kitu cha namna hiyo hakivuki mpaka bila ruhusa. Yule wa pikipiki analijua hilo, ndiyo maana anakuja jioni. Kinshasa sasa ina jumba jipya la makumbusho la taifa, lililofunguliwa mwaka 2019, na lina nafasi kuliko vitu vyetu vya Ituri vilivyomo. Lakini toka Niania mpaka Kinshasa ni safari ambayo mwanakijiji haifanyi, na mimi ningependa kiti cha babu kibaki kinakaliwa.

Kwa wafadhili nina ombi dogo la kazi, si la fedha nyingi. Nyumba za mfano mnazotulipia ni nzuri, mabati yake, haya tunayoita manjanja, yanadumu kuliko mangongo, na hakuna mama aliyenililia arudishiwe paa la majani. Lakini mpango wenu unaleta nyumba iliyokwisha, yenye ukuta wa kijivu, na fundi kutoka mjini. Mwachieni mwenye nyumba ukuta wa mbele. Udongo mweupe uko mtoni, bure, na nkula iko porini. Katika vijiji viwili vya barabara ya Wamba wanawake walipaka wenyewe kuta zao bila kuambiwa na mtu. Nilipouliza, walisema nyumba isiyopakwa ni kama ya mtu aliyekufa. Na wekeni baraza katika mpango. Nguzo nane na siku mbili za salongo.

Kwa wanamemba: komite imekubali tuanze daftari. Aliye na picha ya kijiji chake mbele ya vita, hata iliyoungua pembeni, ailete kwenye mkutano wa mwezi. Tutaipiga kopi palepale na kumrudishia. Asiye na picha aje na mzee wake anayekumbuka nyumba ya chifu ilisimama wapi, nani alikuwa fundi wa paa, nani alipiga nguo ya gome, na kama huyo fundi bado yuko hai, yuko kambi gani. Tumekwisha kupata majina manne ya mafundi wa paa. Mmoja yuko Mambasa, hawezi tena kupanda, lakini anasema akipewa kiti chini ya nguzo anaweza kuwaelekeza vijana.